Gauni la harusi la satini tupu, la kushonesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa bibi harusi anayetaka gauni la satini lisilo na lesi, shanga wala mawe. Maswali ni yale yale yanayoingia kwenye simu kila msimu, hasa Pasaka ikishapita na tena kuanzia Novemba. Mimi ni fundi, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu hapa Dar es Salaam mteja akiwa amesimama mbele ya kioo.

Gauni halina lesi, halina hata shanga moja. Mbona ufundi wake haushuki bei?

Kwa sababu halina pa kufichia kosa. Kwenye gauni la lesi, mshono ukipinda kidogo ubavuni, ua la lesi linapita juu yake na habari inaishia hapo. Kwenye satini tupu jicho halina kingine cha kutazama. Linashika mstari wa bega, linashuka kifuani, linafika kiunoni, na popote uzi ulipovuta kitambaa, linasimama.

Satini pia haisahau. Pini ikipita katikati ya kitambaa inaacha alama, na mshono ukifumuliwa, vitundu vya sindano vinabaki vimejipanga kama safari ya sisimizi. Kwa hiyo pini zinachomwa kwenye ukingo tu, ule utakaoingia ndani ya mshono. Sindano inakuwa nyembamba na mpya, namba 60 au 70, na inabadilishwa kabla haijaanza kuvuta nyuzi. Pasi haikanyagi uso wa kitambaa: inapigwa kwa nyuma, moto mdogo, kitambaa cha pamba katikati, na chini ya kila ukingo wa mshono panawekwa kipande cha karatasi ya kaki ili ukingo usichape alama kwa mbele. Vipande vyote vinakatwa vikielekea upande mmoja, la sivyo mwanga ukipiga, paneli moja itaonekana nyeupe na jirani yake ya kijivu.

Kisha ligeuze gauni ndani nje. Utakuta gauni la pili: bitana, tabaka la kushikilia kifua, vikombe vilivyoshonewa, vijiti vya plastiki mbavuni, na ukanda imara kiunoni unaobeba uzito wote ili mabega yasivutwe. Unalipia hasa gauni hilo la ndani, ambalo wageni hawataliona. Mtu akikupa bei ya nusu, muulize ndani anaweka nini.

Muuzaji Kariakoo ameniambia "hii hariri tupu". Nitajuaje?

Satini ni namna ya kufuma. Katika satini uzi unaruka juu ya nyuzi nne, au saba, kabla ya kuzama chini ya mmoja. Miruko hiyo mirefu ya uzi iliyolala juu ndiyo inayong'aa, na upande wa nyuma unabaki umefifia. Uzi wenyewe unaweza kuwa hariri, poliesta, asetati au viskosi. Madukani, chochote kinachoteleza huitwa hariri, na muuzaji wala hakusudii kukuibia, ndivyo alivyozoea kukiita.

Omba kipande kidogo cha pembeni, kishike kwa kibanio juu ya sinki, kiwashe. Hariri inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake unayasaga kwa vidole yakawa unga. Poliesta inayeyuka, inajikunja, na ikipoa inaacha punje ngumu kama plastiki, kwa sababu ndiyo hiyo. Usijaribu ukiwa umevaa dera, na usifanyie dukani kwa mtu.

Hariri ya kweli bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, kwa hiyo mtu akikuuzia "hariri" kwa bei ya kitambaa cha sare, umeshapata jibu bila kiberiti. Mimi binafsi sioni aibu kushona poliesta. Poliesta nzito yenye mng'ao uliotulia inapendeza kuliko hariri nyepesi iliyonunuliwa kwa kujibana, na bibi harusi aliyemaliza pesa kwenye kitambaa akakosa za bitana nzuri amefanya hesabu kinyume.

Kuna satini za aina ngapi, na ipi ni yangu?

Kwa magauni haya tunazungumzia nne. Dachesi ni nzito, inasimama, mng'ao wake umetulia. Inafaa gauni lenye umbo kali, sketi pana, shingo ya mraba au ya mashua. Mikado nayo ni nzito na ina chembechembe kidogo ukiigusa, inashika mikunjo mikubwa vizuri sana. Krepu-satini ina uso wa krepu, yaani uliofifia na wenye chembechembe ndogo, upande mmoja na satini upande wa pili, inaanguka taratibu na inasamehe mwili kuliko zote. Sharmuzi ni ile nyepesi inayotiririka, ya magauni ya kamba nyembamba mabegani.

Ukienda dukani usitazame rangi kwanza. Shika kona ya kitambaa, kiache kining'inie, uone kama kinaanguka au kinasimama. Kifumbate kiganjani kwa nguvu ukihesabu hadi kumi, kisha kiachie. Kikitoka kimekunjamana vibaya, ndivyo mapaja yako yatakavyoonekana ukishuka kwenye gari. Halafu kipeleke nje ya duka, juani. Taa za ndani za duka zinapendezesha kila kitu.

Hariri huuzwa kwa uzito unaoitwa mome. Mome 1 ni takriban gramu 4.34 kwa mita ya mraba. Mome 16 hadi 19 ni ya blauzi na nguo za kulalia. Kwa gauni la harusi naanzia 22 kwenda juu.

Ninunue mita ngapi?

Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150: gauni jembamba lisilo na mkia, mita 3 hadi 4. Lenye sketi pana na mkia, 5 hadi 7. La kukatwa mshazari, ongeza, kwa sababu mshazari unakula kitambaa. Bitana karibu kiasi hicho hicho. Nunua yote siku moja kutoka jora moja, maana jora likibadilika na weupe unabadilika. Na tafadhali, usinunue kabla hatujazungumza mtindo.

Nina picha ya gauni la Carolyn Bessette. Nataka hilo hilo.

Kila msimu linakuja. Alilivaa mwaka 1996 alipoolewa na John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa Marekani, kwenye kisiwa cha Cumberland, Georgia, na aliyelibuni ni Narciso Rodriguez. Lilikuwa la hariri ya krepu, wala si satini, nalo lilikatwa mshazari. Ukishona umbo lile kwa satini inayong'aa unapata nguo nyingine kabisa: mng'ao unachora kila kitu kilichoko chini yake. Ninayoipendekeza hapo ni krepu-satini, upande wa krepu ukikaa nje, na satini ionekane kwenye shingo au kwenye mkanda tu.

Kukata mshazari maana yake kipande kinalazwa kwa pembe ya digrii 45 kutoka kwenye uzi mnyoofu, ili kitambaa kipate kunyumbuka na kufuata mwili bila mikunjo ya kubana. Madeleine Vionnet wa Paris ndiye aliyeipa sifa kata hii miaka ya 1920 na 1930. Tabu yake ni kwamba kitambaa kinashuka kikining'inia, na hakishuki sawasawa. Pale ubavuni kinaweza kurefuka kuliko mbele. Kwa hiyo gauni linaning'inizwa siku moja au mbili kabla ya kupindwa chini. Fundi akikupindia siku ile ile aliyokata, utaona harusini.

Picha ya pili inayokuja sana ni ya Meghan Markle akiolewa na Mwanamfalme Harry wa Uingereza, Mei 2018, kazi ya Clare Waight Keller wa Givenchy. Lile lilikuwa la hariri nzito ya tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, na mistari yake imejengwa kwa mishono sita. Sita tu! Gauni la namna hiyo haliwezekani kwa kitambaa chepesi, hata fundi awe nani.

Na picha za mtandaoni za wauzaji uziangalie kwa jicho la pili. Mara nyingi mwanamitindo amebanwa klipu mgongoni kuanzia shingoni hadi makalioni. Kwa mbele limemkaa kama ngozi. Nyuma ni uwanja wa klipu.

Nyeupe pee au krimu?

Tuanze na ngozi yako. Tunakuwekea vipande viwili shingoni, nje kwenye kivuli, bila vipodozi, na mtu wa tatu anatazama uso wako badala ya kitambaa. Weupe mkali wa poliesta una ubuluu ndani yake na kwenye taa za ukumbini za zambarau unageuka rangi ya taa. Hariri kwa asili ina rangi ya krimu kidogo. Malkia Victoria alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 kwa satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, ndipo weupe uliposhika kasi miongoni mwa maharusi wa Ulaya, lakini mng'ao mkali wa siku hizi unatoka kwenye dawa za kung'arisha zinazotiwa kitambaa kiwandani.

Jambo linalosahaulika: shati la bwana harusi. Gauni la krimu likisimama kando ya shati jeupe pee, kwenye picha gauni linaonekana limefuliwa vibaya. Leta kipande cha shati, au mlete mwenyewe.

Litanionyesha tumbo?

Hili ndilo swali la kweli. Mengine mengi ni njia ya kulifikia.

Satini inarudisha mwanga. Mahali pamejitokeza panang'aa, palipobonyea panakuwa na kivuli, na taa ya mpiga video inaongeza yote mawili. Kwa hiyo satini nyepesi iliyobana tumboni italionyesha hata la mtu mwembamba. Dawa yake haiko kwenye kubana zaidi. Gauni linatakiwa lipite juu ya mwili bila kuushika: kwa kata ya kawaida naacha inchi 2 au zaidi za nafasi kwenye nyonga, sketi inaanza kufunguka kabla ya sehemu pana kuliko zote, na mshono wa kiuno unasogezwa juu kidogo ya kitovu. Kitambaa kizito kinasaidia. Bitana yenye mwili inasaidia zaidi.

Nguo za ndani ziwe za rangi ya ngozi yako, zisizo na mishono. Nyeupe chini ya nyeupe inaonekana. Ya rangi ya ngozi inapotea. Ile nguo ya kubana usinunue saizi ndogo ukidhani itafanya kazi zaidi. Nyama haitoweki, inahamia juu, na inajitokeza mgongoni pale pale zipu inapoanzia.

Siku ya kujaribu, tunakupiga picha kwa simu, taa ikiwashwa: mbele, ubavu, mgongo, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Wengi hujaribu wamesimama tu, halafu wanakaa muda wa saa nne meza kuu.

Nije lini, na nitajaribu mara ngapi?

Miezi minne kabla ni raha. Miwili inawezekana. Chini ya hapo inategemea mtindo na foleni. Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, halafu zikiisha kila mtu anataka Jumamosi zile zile, kwa hiyo wa baada ya Pasaka na baada ya Idi waje mapema kuliko wanavyodhani.

Jaribio la kwanza si la satini. Linashonwa gauni zima kwa marekani, ile pamba isiyopaushwa, na hapo ndipo tunakata, tunachora kwa kalamu, tunapandisha shingo, tunashusha kiuno, bila kuumiza kitu. Wateja wengine wanavunjika moyo wakiliona, maana ni la rangi ya gunia na lina maandishi. Vumilia. Kwa gauni hili siwezi kulikwepa, kwa sababu kama nilivyosema, satini ukiitoboa imetoboka.

Jaribio la pili ni la satini yenyewe, likiwa limeshikizwa kwa mkono. La tatu ni la mwisho, wiki mbili kabla, na unakuja na viatu vile vile vya siku hiyo na sidiria ile ile kama utaivaa. Kisigino kikibadilika kwa inchi moja, upindo wa chini umeharibika. Njoo na mtu mmoja. Ukija na kamati, tutafanya kikao.

Nikipungua je? Au nikiongezeka?

Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni vigumu: mshono wa zamani ukifunguliwa, mstari wa vitundu unatoka nje. Ukijua unapungua kwa ajili ya siku hiyo, sema, tusikate satini hadi mwezi wa mwisho. Kama una ujauzito, sema pia, hata kama nyumbani hawajui. Hapa hakuna anayetangaza. Tutachagua kata inayoanzia chini ya kifua, na mgongoni badala ya zipu tutaweka kamba za kufunga zenye kitambaa cha nyuma, ambazo unazilegeza unavyotaka hadi asubuhi yenyewe.

Mama anasema linafanana na shimizi.

Mama hajakosea sana. Gauni la kamba nyembamba la sharmuzi ni mjukuu wa shimizi, na mzazi aliyechangisha ndugu miezi sita ana haki ya kuuliza liko wapi gauni. Sitakushauri ubishane naye. Ninachofanya ni kumwalika jaribio la pili na kumwekea shela. Shela refu la neti laini linaloanzia utosini hadi sakafuni, halafu maua ya mkononi, na mwanaye amesimama wima: mara nyingi maneno yanaishia hapo. Akibaki na lake, tunaweza kuongeza mikono mirefu mipana au mkia wa kuvua, bila kugusa gauni lenyewe. Kinachoharibu ni kumridhisha kwa kubandika maua ya lesi kifuani dakika za mwisho. Hapo hutapata gauni tupu wala la mapambo.

Padre hataki mabega wazi. Na sisi wa nikaha?

Makanisa mengi yana masharti ya mavazi, mengine yameandikwa kabisa kwenye karatasi mnayopewa mkiandikisha ndoa. Isome kabla ya kuchagua shingo. Suluhisho la kawaida ni kijaketi cha satini ile ile, chenye mikono, kinachofungwa kwa vifungo vidogo mgongoni, unakivua ukumbini. Kishonwe pamoja na gauni, kwa kitambaa cha jora lile lile. Kijaketi cha kununua weupe wake hautafanana.

Kwa nikaha, satini tupu inakaa vizuri ajabu: shingo ya juu, mikono mirefu, sketi iliyomwagika, hakuna kinachobana. Shida ni mtandio. Satini juu ya nywele inateleza usiku kucha. Vaa kofia ya pamba ndani, na pini za mtandio zichomwe kwenye kofia hiyo, zisipite kwenye satini mara tatu tatu mahali tofauti.

Hina, piko, udi. Nichukue tahadhari gani?

Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa wateja wa Zanzibar, Tanga na Mombasa. Hina inashika ngozi na nywele kwa sababu ya protini iliyomo. Hariri nayo ni protini. Hina mbichi ikigusa hariri, doa hilo mtaishi nalo. Poliesta ina nafuu kidogo, lakini usiijaribu. Paka hina siku mbili kabla, ikauke, ibanduliwe yote, na siku ya harusi mikono isipakwe mafuta ya nazi ili ing'ae, maana mafuta yale yanahamia kiunoni pale unapoweka mkono ukipigwa picha.

Udi ufukizwe, lakini usilitandaze gauni juu ya chetezo. Cheche moja ya mkaa inatoboa poliesta papo hapo, na tundu lake lina ukingo mgumu usiozibika. Fukiza chumba, fukiza kanga utakayojifunga kabla ya kuvaa, fukiza nywele. Manukato ya chupa yapulizwe mwilini kabla ya gauni, yakauke.

Joto la Dar nitalimudu?

Desemba hadi Machi, kwenye poliesta nzito, na bitana ya poliesta tena ndani? Hapana. Kitambaa cha nje kinaweza kuwa poliesta, ila bitana iwe ya viskosi au pamba nyepesi, inayonyonya jasho na kupitisha hewa. Kwapani tunashonea vipande vya pamba vya kunyonya, vya kutoa baadaye. Dawa ya kwapa iache ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Wa Arusha na Moshi wa Juni na Julai, ninyi mna tatizo la kinyume, agizeni mikono.

Nina mkia wa mita moja na nusu. Nitafungua muziki vipi?

Mkia unapandishwa. Ndani au nyuma ya sketi tunaweka vitanzi na vifungo vidogo, vitatu hadi zaidi kutegemea uzito, na nyuma ya kila kifungo kipande cha kitambaa imara, kwa sababu satini peke yake itachanika mtu akikanyaga. Na atakanyaga. Matarumbeta yakianza hakuna anayeangalia chini.

Anayepaswa kujua vifungo hivyo ni msimamizi wako, si wewe. Aje jaribio la mwisho, afunge na kufungua mwenyewe mara kadhaa, ajirekodi kwenye simu. Kwenye gari, tandikiwa kanga safi kitini, iliyokwisha kufuliwa. Kanga mpya inachuja rangi, na kwa joto lile la gari ikipata unyevu, maneno ya kanga utayasoma kwenye gauni.

Mafuta ya ndafu yamenirukia. Nifanye nini pale pale?

Usisugue. Usimwage maji. Gandamiza karatasi ya tishu kavu, ivute mafuta, kisha nyunyiza unga wa mahindi au poda ya mtoto, uache, upukute taratibu. Maji kwenye hariri yanaacha duara linaloonekana kuliko doa lenyewe. Mwambie mpiga picha ahamie upande wa pili na uendelee na sherehe yako. Kesho yake lipelekwe kwa dobi wa kusafisha kwa dawa bila maji, ukimwonyesha doa ni la nini na lilipo. Jiki isikaribie: klorini inaifanya hariri iwe ya njano na kuila nyuzi. Shampeni nyeupe ina hila yake; ikikauka haionekani, baada ya miezi sukari inageuka kahawia. Isafishwe hata kama huoni kitu.

Niko Muscat, London, Minneapolis. Mnaweza kunishonea nikiwa huko?

Ndiyo, kwa masharti. Vipimo upimwe na mtu mwingine, usijipime: kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga, upana wa mgongo, bega hadi ncha ya kifua, bega hadi kiuno kwa mbele na kwa nyuma (usidhani ni sawa), na kutoka kishimo cha shingo hadi sakafuni ukiwa na viatu. Andika kama ni inchi au sentimita. Inatokea mtu anachanganya. Kisha tunakutumia gauni la marekani, unalivaa, unatupigia video, tunalichora tukiwa tunakutazama. Satini inakatwa baada ya hapo. Ukija nyumbani kufungia ndoa huku, panga siku chache za jaribio la mwisho kabla ya sendofu, kwa sababu wiki ya sendofu hutakuwa mtu wa kupatikana.

Kwenye ndege gauni linaingia nawe ndani, halisafiri kwenye sanduku la chini.

Baadaye naweza kulipaka rangi nikalivaa tena?

La hariri, ndiyo, hariri inapokea rangi vizuri. Ila kama lilishonwa kwa uzi wa poliesta mishono itabaki myeupe. La poliesta, rangi za kawaida za sokoni hazitashika. Kukata kuwa fupi ni njia rahisi zaidi, na gauni tupu ndilo linalokubali: hakuna lesi ya kukatika katikati ya ua. Kama unafikiria hivyo tangu mwanzo, sema, kiuno kitashonwa ili juu na chini viweze kuachana.

Nilihifadhi vipi?

Safi, kavu, mbali na jua, ndani ya shuka la pamba. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, na kwa unyevu wa pwani ukungu hautachelewa. Lililokatwa mshazari lisining'inizwe kabatini, likunjwe kwa kulegea na karatasi nyeupe laini katikati ya mikunjo. Litoe mara moja moja, ulikunje mahali pengine.

Vitambaa vinavyobaki ni vya nani?

Vyako. Najua sifa yetu mafundi. Vipande vyote vikubwa unarudishiwa kwenye mfuko pamoja na vifungo viwili vya akiba na uzi uliotumika, na nakushauri usivigawe mapema: kimoja kinaweza kuhitajika kuziba pale mkia ulipokanyagwa, kingine kinatosha kufunika kitabu cha wageni au kushona tai ya mtoto atakayebeba pete. Vile vidogo sana, vya kufaa kujaribia sindano tu, nakuomba uniachie.